Lori Liko Kona

Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, na nyuma yake, kando ya geti la nyumbani kwao, mama alikuwa ameinama akipalilia maua.

Fundi wa meno aliyaona yote mawili kwa pamoja alipokunja kona ya mtaa wao akitoka kazini. Ilikuwa jioni, ule wakati ambapo kila mtu hukumbuka kwamba nyumbani hakuna tunda, na kiwanja cha kona kilikuwa kimefurika wateja. Magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili za barabara, mengine mbele ya mageti ya watu. Chini ya turubai kubwa la buluu yalirundikwa matikiti hadi usawa wa kifua, na machache yalipasuliwa yakaachwa wazi, mekundu, kuvuta macho. Taa zilikuwa zimeshawashwa ingawa jua lilikuwa halijazama. Jenereta ilinguruma kama mtu mwenye ghadhabu asiyetaka kutulizwa, na katika makelele hayo, ule mlio wa lori wa kuonya watu ulisikika kama kilio cha kifaranga.

"Mama," aliita.

Alijua hatasikia. Masikio ya mama yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, na ndani ya nyumba yao jambo hilo halikuruhusiwa kutajwa. Mama mwenyewe alisema tatizo ni watu wa siku hizi, wamezoea kunong'ona.

Alikimbia. Gauni lake la kijani likamkaba magotini, kiatu kimoja kikabaki barabarani, na akaona wazi kabisa kwamba hatafika. Ndipo mwanaume mmoja mwenye shati la mistari na buti za mpira aliporuka kutoka juu ya rundo la matikiti, akalipiga lori ubavuni kwa viganja vyote viwili. "Simama. Simama wewe."

Lori likapumua, likasimama. Kati ya bampa na mgongo wa mama, mtu angepita kwa ubavu tu.

Mama akanyooka taratibu, mkono kiunoni. Akalitazama lori, akamtazama yule mwanaume, kisha akamtazama binti yake. "Mbona uko pekupeku?" akauliza.

Fundi wa meno alimgeukia mwanaume. "Wewe ndiye mwenye kiwanja?"

"Ndiye mimi, dada. Samahani sana."

"Samahani yako ningeizika naye?"

Mwanaume hakujitetea. Aliificha mikono nyuma ya mgongo, lakini alikuwa ameshachelewa: fundi wa meno alikuwa amekwisha kuona jinsi inavyotetemeka. Ilimshangaza. Alitegemea ubishi, akakutana na mtu mwenye hofu kama yake.

"Mama anasikia vizuri?" mwanaume akauliza kwa sauti ya chini.

"Anasikia," akajibu upesi, kama alivyozoea kuwajibu watu wote. Akamshika mama mkono, akamwingiza ndani.

Mwanaume yule mtaani walimwita Tikiti. Kila kiangazi alikuja, akazungushia kiwanja kile kamba, akauza hadi mavuno ya mashambani yakaisha, kisha akatoweka na kuacha vumbi na mbegu nyeusi. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu, na kila mwaka rundo lilikuwa kubwa zaidi na malori mengi zaidi.

Asubuhi fundi wa meno alimfuata kabla ya kwenda kazini. Macho yalikuwa mazito. Kila alipoyafumba usiku, bampa lilikuwa pale pale.

"Nimekuja kwa jambo moja," alisema.

"Hata yakiwa kumi, karibu."

"Nataka kujua malori yako yanakuja saa ngapi."

"Na mimi ningependa kujua, dada. Dereva akisema asubuhi, huenda akafika jioni. Shamba ni mbali na barabara ni mashimo matupu." Akavua kofia yake ya turubai, akajikuna kichwa. "Tufanye hivi. Nipe namba yako. Lori likifika kona, kabla halijarudi nyuma hata hatua moja, nitakupigia. Ukiniambia mama yuko ndani, ninaliruhusu. Ukiniambia hujui aliko, litasubiri. Lisubiri hata matikiti yaote miguu."

Alimtazama usoni akitafuta mzaha. Haukuwapo. "Na nikiwa kazini?"

"Nitasimama mwenyewe getini kwenu mpaka lori limalize."

Hakuuliza tena kama mama anasikia. Alikuwa amekwisha kuelewa, na aliuheshimu ule uongo. Hilo fundi wa meno alilibeba hadi kazini, na siku nzima likamtia joto la ajabu kifuani.

Simu ya kwanza iliingia asubuhi iliyofuata.

"Dada, lori liko kona. Mama yuko wapi?"

"Yuko jikoni, anakwaruza karoti."

"Asante. Karoti za nini?"

"Hilo halihusiani na lori."

"Kweli," alisema Tikiti. "Nimeuliza kwa niaba yangu."

Basi ikawa hivyo. Simu zilikuja alfajiri akiwa na mswaki mdomoni, zikaja jioni akiwa anavua viatu. Alisimama dirishani akiona lori likinyata nyuma, yeye na simu sikioni, na sauti ya Tikiti ikimhesabia kwa upole: bado kidogo, bado kidogo, limesimama, pumua sasa. Hakuwahi kumwambia kwamba huwa anazuia pumzi. Tikiti aliisikia mwenyewe.

"Kazi yako ni nini hasa?" Tikiti alimuuliza siku moja.

"Natengeneza meno ya bandia. Nachonga nta, namwaga plasta."

"Basi tunahudumia watu wale wale. Mimi nawauzia wale ambao wewe bado hujawafikia."

Alicheka hadi mama aliyekuwa akipita akatokeza kichwa mlangoni kutazama kuna nini, ingawa kicheko chenyewe hakukisikia, alikiona mabegani.

Siku nyingine simu iliita mchana, kazini, mikono yake ikiwa myeupe kwa plasta. Aliipokea kwa vidole viwili. "Lori liko kona?"

"Hapana. Leo hakuna lori."

"Sasa umepiga kufanya nini?"

"Kukuarifu kwamba hakuna lori."

Walianza kukutana alasiri za mapumziko, mitaa miwili mbali na kwao, kwenye benchi la saruji mbele ya duka la vitabu lililofungwa. Tikiti alikuja na shati lililopigwa pasi na buti zile zile za mpira, kwa sababu viatu vyake vingine vilikuwa kwa mshona viatu tangu msimu uliopita. Alimwita Jino Langu. Fundi wa meno alimkataza, kisha siku aliposahau kumwita hivyo, akanuna. Walikaa karibu kiasi cha mabega kugusana, na bado yeye aligeuka nyuma kila viatu vilipolia barabarani.

"Unamwogopa nani, mpenzi?" Tikiti alimuuliza.

"Simwogopi mtu."

Aliogopa. Kaka yake mkubwa, fundi wa majokofu, alikaa nyumba inayofuata na yao, na ndiye alikuwa katibu wa umoja wa wakazi. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni. Taa za kiwanja zilipenya pazia lao na kutua juu ya kitanda cha mtoto, na jenereta ilipokaa kimya mtoto alishtuka, akaanza upya kulia. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyelala.

Jioni moja alikula kwa mama, akasukuma sahani kando kabla ya kumaliza.

"Tumeongea naye kistaarabu misimu mitatu," alisema. "Maganda yanaoza, nzi wanaingia hadi kwenye maziwa ya mtoto. Juzi jirani kashindwa kutoa gari kwake, mteja kaegesha akaenda kuchagua tikiti kama anachagua mchumba. Sasa kuna watu wamechoka. Wanasema wataliwasha moto lile turubai."

"Nani hao?" fundi wa meno aliuliza. Kijiko kilikuwa kimesimama njiani.

"Wapo."

"Na wewe, kaka, utawazuia?"

Kaka alijipangusa mdomo. "Mimi nataka kulala tu, mdogo wangu."

Mama aliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, akaendelea kutafuna.

Siku iliyofuata kwenye benchi alijaribu kumwonya Tikiti. "Zishushe zile taa. Na jenereta isogeze upande wa barabara kuu."

"Nikizima taa naibiwa. Nikiisogeza jenereta, waya haufiki. Mwaka huu mkulima amenikabidhi shamba zima, Jino Langu. Yakioza mikononi mwangu, mwakani hatanipa hata moja."

"Watu wana hasira."

"Watu gani?"

Akafumba mdomo. Kutaja jina la kaka yake ilikuwa kama kumkabidhi mtu kisu. Tikiti alimtazama kwa muda, akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye wake.

Kulipopambazuka siku chache baadaye, simu iliita. "Usitoke peke yako asubuhi hii," Tikiti alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kuna watu waliingia kiwanjani."

Alichungulia dirishani. Turubai lilikuwa limechanwa kutoka juu hadi chini na kuning'inia kama ngozi. Taa zote zilikuwa zimepasuliwa, na Tikiti alikuwa amepiga magoti akichomoa vipande vya vioo kwenye matikiti, kimoja kimoja, akivitia kwenye ndoo. Hawakuwa wameliwasha moto. Ilikuwa salamu tu. Nyumba ya pili, kaka alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, akitazama.

Halafu wakaja watu wa jiji. Walikuja siku ya wateja wengi, maafisa wawili wenye vizibao vya njano, wakamsomea Tikiti makosa yake mbele ya watu: njia imezibwa, kelele, taka. "Na kuna mama mtu mzima hapa jirani," alisema mkubwa wao, "asiyesikia, ambaye lori lako lilikaribia kumkanyaga. Mwisho wa wiki hii kiwanja kiwe wazi."

Tikiti alimpigia simu jioni. Kwa mara ya kwanza hakuanza na salamu.

"Siku ile nilikuuliza kama mama anasikia. Ulinijibu nini?"

"Tikiti, nisikilize."

"Ulinijibu anasikia. Sikukubishia. Nikalitunza jambo lenu kama langu. Leo mtu wa jiji ananitangazia barabarani kwamba mama hasikii na kwamba lori lilimkosa. Wateja walikuwa wameinamia matikiti; walioona ni mimi, wewe, yeye na dereva. Dereva hawezi kujishitaki. Kwa hiyo nani?"

"Si mimi."

"Ulijua turubai litachanwa?"

Kimya kilikuwa kifupi mno, lakini kilitosha.

"Ulijua," alisema Tikiti.

"Niliogopa. Sikujua nimwambie nani nini."

"Ungeniambia mimi. Mimi nilikuwa nakupigia kila siku." Akakata.

Alimpigia yeye. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena asubuhi, akapiga kazini akiwa amejifungia stoo kati ya magunia ya plasta, akapiga hadi akaichukia ile sauti ya kuita. Na malori, sasa yakija kubeba badala ya kushusha, yaliendelea kufika bila simu yoyote. Hofu ilimkalia kifuani kama mtu mnene. Aliomba ruhusa kazini. Alimfuata mama chumba hadi chumba, hadi mama akamuuliza kama ameachishwa kazi. Aliufunga mlango wa mbele kwa ufunguo, mama akatokea mlango wa nyuma na kopo lake la kumwagilia.

"Mama, kaa ndani leo."

"Maua hayakai ndani," mama alijibu, na kwa hilo alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Siku ya mwisho ya ile amri, alikuwa anaoga aliposikia ule mlio. Jenereta ilikuwa imeshaondolewa, mtaa ulikuwa kimya, na mlio ulikuja wazi, ukijirudia, ukikaribia. Alivaa gauni juu ya mwili wenye maji, akatoka. "Mama?" Jikoni hakuna mtu. Ndala za mama hazikuwapo.

Alipofika uani aliwaona wote kupitia geti lililo wazi. Mama alikuwa kwenye maua, mgongo barabarani. Lori lilikuwa linarudi. Na kati yao alisimama Tikiti, mkono mmoja umeinuliwa, anapiga kelele. Dereva alikuwa mgeni, katumwa na mkulima kuchukua mzigo uliobaki, na jua la asubuhi lilikuwa limejaa kwenye kioo chake. Hakuona mkono wala mtu.

Tikiti aligeuka, akamsukuma mama kwa nguvu zake zote. Mama akaangukia kwenye maua. Kona ya lori ikampata Tikiti begani, ikamkandamiza kwenye nguzo ya geti, na fundi wa meno akasikia mlio mfupi mkavu ambao hakuhitaji kuambiwa ni wa nini. Hapo ndipo lori liliposimama.

Aliyefika wa kwanza alikuwa kaka yake, taulo shingoni, povu la sabuni nusu ya uso. Walimbeba Tikiti wakamlaza nyuma ya gari la majokofu, juu ya maboksi yaliyopasuliwa, na kaka akaendesha kama aliyeiba. Fundi wa meno alikaa nyuma, kichwa cha Tikiti mapajani. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Niongeleshe," alimwambia. "Chochote."

"Mama yuko wapi?" Tikiti alinong'ona.

"Yuko mbele, na kaka. Mzima."

"Sawa." Akafumba macho, na hakuyafumbua tena hadi wakafika.

Katika ukumbi wa hospitali walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma. Kaka alienda kuegesha gari. Kila mlango ulipofunguka, fundi wa meno alisimama, na kila aliyetoka alimpita bila kumtazama. Mama alikuwa na udongo magotini na ua limenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Alilichomoa, akaliweka mapajani.

"Ni mimi," mama alisema.

"Nini, mama?"

"Niliyewaambia watu wa jiji. Nilikwenda ofisini kwao mwenyewe. Nikawaambia mimi sisikii, na lori lilinikosa."

Binti alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe? Husikii? Umewaambia watu hivyo?"

"Niliogopa, mwanangu." Mama aliongea kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama waongeavyo wasiosikia, na watu ukumbini waligeuka. Hakujali. "Siku ile nilipogeuka nikaona lori, nikakuuliza mbona uko pekupeku. Nisingeuliza hilo ningelia mbele za watu. Tangu siku hiyo, kila nikitoka nje nasikiliza kwa nyayo, nasubiri ardhi itikisike. Nikikaa ndani, nimekubali kwamba nimeisha. Nikitoka, roho iko mkononi. Nikaona heri waondoke wao. Sikujua kijana huyu ana habari na wewe. Na sikujua kwamba alikuwa anasimama pale kila siku kwa ajili yangu."

"Kila siku?"

"Kila lori likija. Hata wiki hii. Ananipa mgongo, anajifanya anatazama barabara. Leo nilidhani limekwisha kuondoka."

Fundi wa meno alimlaza mama kichwa begani kwake, na wote wawili wakatetemeka hapo, bila kufichana tena.

Walipomruhusu kuingia, Tikiti alikuwa amefungwa bandeji kutoka shingoni hadi kifuani. Daktari alisema mfupa wa bega umevunjika na mbavu mbili zimepata nyufa, lakini atapona. Alikuwa amefumbua macho.

"Nimekupigia hadi simu imechoka," fundi wa meno alisema.

"Niliona."

"Kwa nini hukupokea?"

"Niliogopa utasema ni kweli."

"Ni mama aliyewaambia. Mwenyewe."

Tikiti alifikiri, kisha pembe ya mdomo wake ikainuka kidogo. "Basi ana haki. Aliyekoswa na lori ni yeye."

"Na turubai nilijua. Nilisikia mezani kwetu. Kaka yangu ndiye aliyesema."

"Siku uliponyamaza pale benchini nilijua ni mtu wako. Ndiyo maana sikuuliza mara ya pili."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, povu limekauka shavuni. Aliingia, akajishika mikono mbele kama mwanafunzi. "Sikulichana mimi," alisema. "Ila niliwajua waliokwenda, na nilibaki kitandani. Pole, ndugu yangu."

"Mtoto anaendeleaje?" Tikiti aliuliza.

"Taa zimezimwa. Analala."

"Mimi ningekuja kwako tukatazama zile taa zinaingilia wapi," Tikiti alisema. "Mtoto nilimwona begani kwako asubuhi turubai lilipochanwa; kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniambia. Waliniambia tu nihame."

Mkutano wa wakazi, ulioitishwa na kaka, ulifanyika kiwanjani kwenyewe, kwenye viti walivyotoka navyo watu majumbani. Uliongozwa na Mwalimu Mstaafu, jirani wa ukuta mmoja na mama, mwanamke mwembamba aliyezoea kunyamazisha madarasa. Tikiti alikuja mkono ukiwa umetundikwa shingoni. Watu walisema yote: nzi, mageti, kelele. Mmoja alisema wazi kwamba hataki kuona biashara mahali wanapoishi watu, iwe na taa au isiwe nayo. Kisha mama akasimama.

"Mimi sisikii," alisema, na mtaa mzima ukainamisha macho. "Sasa mmejua, msiniongelee kisogoni, maana hata usoni inabidi mpaze. Nilikwenda kumshitaki kijana huyu. Nilikuwa na sababu, na ninayo bado. Sitaki malori yake mgongoni mwangu. Lakini sitaki pia aondoke. Tafuteni njia."

Iliwachukua hadi viti vikaanza kuumiza watu. Malori yataingilia upande wa barabara kuu, asubuhi watoto wakishaingia shule, na mtu atatembea nyuma ya kila moja. Jenereta haitarudi, umeme utavutwa kutoka kwa mama kwa mita ya pembeni atakayoilipia Tikiti. Taa zitashushwa na kutazama chini, na biashara itafungwa giza likianza kuingia. Maganda yatazolewa kila siku, na mbele ya mageti patawekwa mawe yaliyopakwa chokaa. Watu wa jiji, baada ya kwenda na kurudi, walikubali amalizie msimu kwa masharti hayo. Yule jirani asiyetaka biashara aliondoka na kiti chake kabla ya mwisho, na hadi leo akipita pale hutazama upande mwingine.

Na msimu ukaisha, kama misimu yote. Rundo lilipungua, likawa la magoti, likawa la vifundoni. Tikiti alipoanza kukunja kamba kwa mkono wake mzima, fundi wa meno alitazama kutoka dirishani na hofu yake ya zamani ikamrudia, safari hii bila lori. Hakuwa na swali la kumuuliza ambalo halingemtia aibu. Walikuwa wamepatana, ndiyo. Walikuwa wamerudi kwenye benchi lao. Lakini neno la kesho hakuna aliyelitaja.

Jioni hiyo mlango uligongwa. Tikiti alikuwa amesimama kizingitini, amenyolewa, suruali nyeusi, shati jeupe, na miguuni, kwa mara ya kwanza, viatu vya ngozi. Nyuma yake alisimama kaka, akikwepa macho ya dada yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ukae, usiegemee hilo bega."

Mama alikuwa amenunuliwa kifaa cha kusikilizia, lakini kilimpigia mluzi sikioni na mara nyingi alikiacha kabatini. Tikiti alikaa ukingoni mwa kiti, akasafisha koo, akaongea kwa sauti ya chini ya adabu, macho sakafuni.

"Unasemaje?" mama aliuliza.

"Nimesema, mama, nimekuja kumwomba binti yako."

"Umekuja kuomba nini? Paza, mwanangu."

Tikiti akavuta pumzi, mbavu zikamuuma, akapaza. "Namwomba binti yako. Nataka kumuoa."

Mtaa ulikuwa kimya, madirisha wazi. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya Mwalimu Mstaafu: "Sisi huku tumeshasikia. Mjibuni."

Kaka aliinamisha uso, mabega yakimcheza. Mama hakucheka. Alimgeukia binti yake. "Nawe?"

Fundi wa meno alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, mikono imekamata gauni. "Naogopa," alisema.

"Unaogopa nini, Jino Langu?" Tikiti alimuuliza.

"Kila mwaka unakunja kamba unaondoka. Naogopa kuzoea. Naogopa simu ikiita, naogopa isipoita. Nimeogopa msimu mzima hadi sijui kama nitaweza kuacha."

"Na mimi sijui," alisema Tikiti. "Nilipokuwa nimelazwa nyuma ya gari la kaka yako, niliogopa kitu kimoja tu, kwamba sijakwambia. Kamba nimezikunja leo. Mimi mwenyewe nimekodi chumba nyuma ya lile duka la vitabu. Siendi popote. Ukiogopa, tutaogopa wote wawili, nyumba moja."

Alifungua mdomo kujibu. Neno likatoka bila sauti, pumzi tupu. Tikiti alisogea mbele kwenye kiti, anatafuta uso wake, hajasikia kitu.

Mama, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwasikia watu kwa kuwatazama midomo, ndiye aliyempata.

"Amesema ndiyo," alimwambia Tikiti.